Kurekodi sauti ya kuimba nyumbani kwa maiki ya kuiga

Maiki ya kuiga ni kondensa (aina ya maiki nyeti inayohitaji umeme) iliyoundwa isiwe na rangi, yaani tabia ya sauti, yake yenyewe, na huja na plagini (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia) inayojua jinsi maiki maarufu za zamani zinavyosikika. Unaimba mbele ya maiki moja, halafu kwenye kompyuta unachagua isikike kama Neumann U 47 iliyotoka mwaka 1949, au AKG C12 ya mwaka 1953, au Sony C-800G ya mwaka 1992 inayopendwa sana na watu wa R&B na hip hop. Maiki hizo za asili ni adimu na bei zake zinatisha, kwa hiyo wazo la kuzipata zote ndani ya moja linavutia, na kwa kiasi kikubwa linafanya kazi.

Ila kinachobadilishwa na plagini ni maiki tu. Chumba kinachovuma kitavuma vilevile hata ukichagua U 47. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi itabaki imepasuka, na mwimbaji aliyekuwa akiyumba huku na huku atasikika akiyumba. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kabla ya kufungua plagini. Rangi ya maiki unaweza kuibadili hata mwezi ujao. Mengine yote yanaamuliwa siku ileile ya kuimba.

Kwanza, maiki yako ni ya njia moja au mbili?

Zipo familia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowapotezea watu siku nzima. Ya kwanza hutoa ishara moja tu, kama Slate Digital ML-1 au Antelope Edge Solo. Inachukua chaneli moja ya intafesi (kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta), unarekodi traki moja ya mono, na plagini inapaka rangi juu yake.

Ya pili ina tando mbili (ngozi nyembamba zinazotetemeshwa na sauti), mmoja unatazama mbele na mwingine nyuma, na kila mmoja una njia yake ya kutokea. Humo imo Sphere, iliyoanzishwa na Townsend Labs na sasa iko mikononi mwa Universal Audio, na pia Antelope Edge Duo. Hizi zinataka chaneli mbili za intafesi kwa wakati mmoja, zote zikiwa na priampu (kikuza sauti cha maiki) na umeme wa volti 48 unaoiendesha maiki. Kabla ya kununua, itazame intafesi yako vizuri: nyingi za bei nafuu zina tundu moja la XLR (la kebo ya maiki) na jingine la gitaa pekee, na hapo maiki ya tando mbili haitakufaa.

Faida ya tando mbili ni kwamba sauti ya mbele na ya nyuma zimehifadhiwa kila moja peke yake, hivyo plagini inaweza kuzichanganya upya baadaye. Ikizijumlisha kwa usawa, unapata maiki inayosikia pande zote. Ikitoa moja kwenye nyingine, unapata umbo la nane, yaani inasikia mbele na nyuma na kuziba pembeni. Ikitegemea ya mbele pekee, unapata umbo la moyo, linalosikia mbele na kupuuza nyuma. Kwa maiki ya kawaida uamuzi huo hufanywa kabla mtu hajafungua kinywa. Hapa unaufanya mwimbaji akiwa ameshalala.

Kuunganisha

1. Sakinisha draiva ya intafesi (programu inayoiwezesha kuongea na kompyuta) kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta. Ukiwa na Windows, ndani ya programu ya kurekodia chagua draiva ya ASIO iliyotoka kwa mtengenezaji wa intafesi, si ile ya kawaida ya Windows. Mac ina Core Audio yake, kwa hiyo mara nyingi huna la kufanya.

2. Chomeka kebo ya XLR huku volti 48 zikiwa zimezimwa, na sauti ya hedifoni na spika ikiwa chini kabisa. Kisha washa volti 48, subiri sekunde kadhaa, ndipo upandishe sauti. Mshindo unaotokea wakati wa kuwasha hauna faida kwa masikio wala kwa spika.

3. Kwa maiki ya tando mbili, waya wa mbele uingie chaneli ya 1 na wa nyuma chaneli ya 2. Zikipishana, plagini itadhani mwimbaji amesimama nyuma ya maiki, nawe utakuwa unahangaika kutafuta kwa nini sauti iko mbali na imefifia.

4. Weka mradi kwenye kilohezi 48 na biti 24. Kilohezi 44.1 pia zinatosha kwa muziki mtupu. 48 zinafaa zaidi kama wimbo utaingia kwenye video. Kupanda hadi 96 kunaongeza ukubwa wa mafaili kuliko kunavyoongeza uzuri. Kwa 48 na biti 24, dakika moja ya mono ni takriban megabaiti 8.6, na stereo ni mara mbili yake.

5. Fungua traki: mono kwa maiki ya njia moja, stereo kwa maiki ya njia mbili, na chaneli za 1 na 2 ziwe pamoja ndani ya traki hiyo hiyo.

Geini mbili lazima zilingane

Mwenye maiki ya njia moja aruke sehemu hii. Hesabu zote za plagini ya tando mbili zinategemea kwamba mbele na nyuma zimepandishwa kwa kiasi kilekile. Priampu moja ikizidi nyingine, umbo la moyo linapinda, na maiki unayoiga inakuwa kitu kingine kisicho na jina.

Kama intafesi yako inaonyesha geini (kiasi ambacho priampu inaipandisha sauti) kwa tarakimu, au inaruhusu kuunganisha chaneli mbili ziende pamoja, kazi imekwisha: weka namba ileile pande zote mbili. Kama ina vitufe vya kuzungusha tu, usiamini alama zilizochorwa pembeni yake, kwa maana vitufe viwili vilivyoelekezwa saa saba havitoi geini moja. Baadhi ya maiki zina swichi ya kusawazisha, na mwongozo wake utakuonyesha. Isipokuwepo, weka simu icheze toni moja isiyobadilika, ishike ubavuni mwa maiki hasa, katikati ya mbele na nyuma, ili tando zote mbili zipate sauti sawa. Halafu zungusha kitufe kimoja mpaka mita mbili za sauti (vipimo vya kiwango kwenye skrini) zisome sawa. Baada ya hapo usiviguse tena. Ukilazimika kubadili geini katikati ya kazi, rudia zoezi lote.

Chumba

Watu hutumia fedha nyingi kwenye maiki na kukisahau chumba, ilhali ndicho kinachosikika mara tu baada ya mwimbaji. Piga makofi. Ukisikia mlio wa haraka unaogongana kati ya kuta, mlio huo utakuwa ndani ya kila neno utakaloimba, na hakuna plagini ya maiki itakayoutoa.

Swali la kujiuliza ni hili: maiki inatazama nini? Maiki ya umbo la moyo inamtazama mwimbaji na kila kilicho mgongoni mwake. Kwa hiyo blanketi nzito, godoro lililosimamishwa au kabati la nguo lililofunguliwa milango linasaidia zaidi likiwa nyuma ya mwimbaji kuliko nyuma ya maiki. Wengi hufanya kinyume: wanaizungushia maiki kizuizi cha sponji, na mgongoni wanaacha ukuta mtupu.

Sponji nyembamba za kubandika zina kazi ndogo. Zinameza sauti kali za juu na kuacha za chini zikitembea, na matokeo yake ni chumba kinachosikika kizito na kilichofifia. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa takriban mita 3.4, na sponji ya sentimita tatu haliioni hata kidogo. Mablanketi mazito, yakitundikwa mbali kidogo na ukuta, yana nguvu zaidi kuliko yaliyobandikwa juu yake.

Usisimame kwenye kona, kwa sababu besi hukusanyika huko. Usisimame katikati kabisa ya chumba pia. Sogea kidogo upande mmoja. Zima feni, friji iliyo karibu na chochote kinachonguruma. Simu iweke kwenye hali ya ndegeni au itoke nje kabisa. Chumba kidogo sana kilichojaa nguo, ambacho wengi hukisifia, mara nyingine hutoa sauti iliyobanwa kama ya ndani ya sanduku, hasa kwa wanaume wenye sauti nene. Jaribu pote pawili usikie.

Mwimbaji na maiki

Maiki kubwa za kondensa huimbiwa ubavuni, upande wenye nembo, si kwenye ncha ya juu. Linaonekana jambo dogo, lakini wanaotoka kwenye maiki za jukwaani hukosea hapa kila mara.

Anzia umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, yaani kama sentimita 20. Weka popu filta katikati, karibu zaidi na maiki, ili iwe pia ukuta wa kumzuia mwimbaji asisogee. Maiki iinuliwe kidogo juu ya mdomo au igeuzwe nyuzi chache pembeni, pumzi ya "p" na "b" ipite kando yake. Ubandike utepe sakafuni mahali miguu inaposimama.

Umbali una madhara mawili kwa mpigo. Ukikaribia, sauti inapata besi zaidi, kwa sababu ndivyo maiki za umbo la moyo zilivyo. Ukienda mbali, besi inapungua na chumba kinaingia. Katika sehemu yenye utulivu, kukaribia kidogo kunaleta ukaribu mzuri na msikilizaji, na kwenye kiitikio cha nguvu, kurudi nusu hatua kunaizuia mita ya sauti isigonge juu. Mwimbaji mzoefu hufanya hivyo bila kuambiwa. Asiye mzoefu ni afadhali asimame mahali pamoja.

Baadhi ya plagini, ikiwemo ya Sphere, zina kidhibiti cha kurekebisha besi hiyo ya ukaribu, na kingine cha kugeuza maiki kidogo bila kuigusa. Ni vya thamani. Hata hivyo havijui ulisimama wapi. Ukiiga Shure SM7, maiki ya dainamiki (aina isiyohitaji umeme) ya mwaka 1973 ambayo watu huimba wakiwa karibu kuigusa, na wewe ulisimama mita moja mbali, hutapata SM7 ya redioni. Utapata SM7 iliyo mita moja mbali, na hakuna anayeitumia hivyo. Kama unajua mapema kuwa unalenga ile sauti ya karibu, imba karibu.

Kiwango cha kurekodi

Mwambie mwimbaji aimbe sehemu kali kuliko zote za wimbo, kwa nguvu atakayoitumia siku yenyewe, na uweke geini ili vilele vifike desibeli -12 kwenye mita. Ukipigwa mdundo wa kweli, karibu kila mtu huimba kwa nguvu kuliko alivyofanya kwenye jaribio, na hapo vilele vitafika -8 au -6. Bado uko salama.

Hofu ya "sauti ndogo" ni urithi wa zama za kanda. Kwa biti 24, kinadharia una nafasi ya desibeli zipatazo 144 kati ya kimya na kilele, na kelele ya chumba chako iko juu sana kuliko mwisho wa chini wa nafasi hiyo. Kurekodi chini na kupandisha baadaye hakuna hasara. Kugusa sifuri, mwisho wa juu wa mita ambapo sauti hupasuka, kuna hasara ya kudumu. Na kama mita inagonga juu hata geini ikiwa chini kabisa, tafuta swichi ya kupunguza kwenye maiki au kwenye intafesi.

Usirekodi kupitia kompresa (kinachobana tofauti za ukubwa wa sauti) au ikwalaiza (kinachopandisha na kushusha sauti za juu, kati na chini) ya intafesi ukiwa na maiki ya kuiga. Plagini inategemea ishara ghafi. Priampu yenye rangi kali nayo inajumlishwa juu ya rangi utakayochagua, ndiyo sababu Slate walitengeneza priampu yao isiyo na rangi iende pamoja na maiki. Priampu ya kawaida ya intafesi ya leo ni safi vya kutosha. Usiende kununua nyingine.

Hedifoni, na sauti inayochelewa

Tumia hedifoni zilizofungwa nyuma, mdundo usivuje ukaingia kwenye maiki, na shusha sauti hadi kiwango cha chini ambacho mwimbaji bado anakifuata. Kliki ya metronomu ndiyo inayovuja kuliko vyote. Ikibidi, iondoe pale wimbo unapotulia.

Sauti ikipita kwenye kompyuta inachelewa. Kwa kilohezi 48, bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukichakata kwa mkupuo) ya sampuli 64 ni milisekunde 1.3 kwa safari moja, 256 ni 5.3, na 1024 ni 21.3. Kwenda na kurudi ni mara mbili yake, na juu kidogo. Milisekunde 10 ni sawa na kusikia sauti yako kutoka umbali wa mita 3.4, na waimbaji wengi huanza kusumbuka hapo: wanaburuta, au wanapoteza tuni bila kujua sababu.

Una njia tatu. Ya kwanza ni usikilizaji wa moja kwa moja wa intafesi, usiopita kwenye kompyuta kabisa: hauna kuchelewa, lakini unasikia maiki ghafi isiyo na rangi. Ya pili ni kushusha bafa hadi 64 au 128 na kusikiliza kupitia plagini, ukiwa umezima plagini nyingine nzito. Ya tatu ni intafesi yenye prosesa yake, kama Apollo za Universal Audio, inayoendesha plagini ndani yake. Mimi naichagua ya pili kompyuta ikiruhusu. Mwimbaji anayesikia rangi inayomfaa huimba tofauti: hajikazi kutafuta uzito ambao maiki ghafi haina.

Ukitumia usikilizaji wa moja kwa moja na maiki ya tando mbili, utakuta sikio la kushoto lina mbele ya maiki na la kulia lina nyuma yake. Geuza usikilizaji uwe mono, au kwenye mikisa ya intafesi shusha sauti ya chaneli ya 2. Sauti ya kusikilizia tu, si geini.

Mwangwi kidogo kwenye hedifoni unampa mwimbaji ujasiri. Weka kwenye njia ya kusikilizia, usirekodiwe.

Kuimba

Pasha koo moto, weka maji karibu, na rekodi tangu jaribio la kwanza. Teki (uimbaji mmoja uliorekodiwa) ya "tunajaribu tu" mara nyingi ndiyo yenye roho. Chukua wimbo mzima mara tatu au nne, halafu rudia vipande vyenye shida. Baada ya hapo koo linachoka, na kinachoongezeka ni usahihi tu. Usifute kitu siku hiyo. Rekodi pia sekunde kumi za kimya cha chumba. Zitakusaidia kuziba mapengo wakati wa kukata.

Kila unaporejea baada ya mapumziko, hakikisha miguu iko kwenye utepe na geini haijaguswa. Kiitikio kilichorekodiwa asubuhi kwa shubiri moja hakishikani na ubeti wa jioni wa nusu shubiri, hata ukiiga maiki ileile.

Sasa, plagini

Kwanza kata na uunganishe teki bora. Kwa maiki ya tando mbili, kata stereo nzima pamoja na usiigeuze kuwa mono. Usiongeze sauti ya upande mmoja pekee. Plagini ya maiki iwe ya kwanza kabisa kwenye traki, kabla ya ikwalaiza, kompresa na kirekebisha tuni.

Mahali pa kuanzia, kwa kusikia sauti yenyewe: sauti nyembamba na kali hupata mwili kwenye U 47. Sauti yenye "s" zinazochoma hupenda U 67, yenye sauti za juu laini, au maiki ya dainamiki. Sauti nzito iliyojificha hufunguka kwenye C12, Telefunken ELA M 251 au C-800G, zote zenye mwanga juu. U 87 ya mwaka 1967 husukuma mbele sauti za kati, na hufaa mdundo ukiwa na vyombo vingi. Majina ndani ya plagini huenda yakafichwa kidogo kwa sababu za alama za biashara, lakini namba zitakuambia.

Chagua tatu, si thelathini. Kuzunguka orodha yote ni kama mpishi anayeonja chumvi kila dakika: ulimi unakufa ganzi kabla chakula hakijaiva. Zilinganishe zikiwa na ukubwa uleule wa sauti, maana sikio huipenda yenye sauti kubwa kila mara, na uzilinganishe mdundo ukicheza. Maiki inayopendeza peke yake mara nyingi hupotea ndani ya wimbo.

Baada ya maiki, jaribu umbo la usikivu kama maiki yako inaruhusu. Kutoka umbo la moyo kuelekea pande zote kunapunguza besi ya ukaribu na kulegeza sauti, lakini kunaingiza chumba. Chumba kilichotayarishwa vizuri kinakupa uhuru huo. Kibaya kinakurudisha kwenye umbo la moyo. Sauti za kuitikia nazo zipe maiki tofauti na ya mwimbaji mkuu, yenye sauti za kati kidogo, na zitakaa nyuma yake bila kusukumwa sana na ikwalaiza.

Ukisharidhika, toa nakala mbili. Moja iwe na rangi ya maiki imeshachomwa ndani, bila athari nyingine, ili wimbo ufunguke hata kwenye kompyuta isiyo na plagini hiyo. Ya pili iwe ghafi kabisa. Ukimpelekea mtu wa kumiksi nakala ghafi ya tando mbili, andika kwenye jina la faili kwamba ni stereo ya maiki ya kuiga, mbele ikiwa kushoto, pamoja na jina la maiki uliyochagua na umbo lake. Bila hivyo ataiona ni stereo ya kawaida, ataifungua, na upande wa kulia wa wimbo wako utakuwa mgongo wa maiki.